Habari Nilizowatumia Wateja

Makole, Dodoma
12 Machi 2001

Mdogo wangu Abeli,

Nyumbani wote wazima, ila mimi nimechanganyikiwa, jambo ambalo najua halitakushangaza.

Meneja wetu, Mama Debora, aliniagiza niandike habari za kampuni, ziwe zinatumwa kwa barua pepe kila mwezi kwa wateja wanaonunua pampu zetu za visima. Nami habari naziandika kwa namna moja tu, kama barua ya nyumbani. Nikawajulia hali, nikaeleza mvua, nikampongeza fundi Raphael kwa kupata mapacha. Nikaona si vizuri kueleza ya wenzangu nikaficha yangu, basi nikaandika kwamba jicho la kulia halioni tena na la kushoto linafuata. Pampu nikazisahau kabisa.

Wateja wakamjibu meneja mwenyewe. "Mpe pole Mzee Bartolomayo. Aende hospitali ya Mvumi wakampasue macho." Mmoja akaagiza pampu mbili, nadhani kwa huruma.

Mama Debora akaniita. Mwaka mzima nilikuwa namficha habari ya macho yangu, namba za pampu nikizisoma kwa kupapasa. Nikajua kazi imekwisha. Akasema, "Alhamisi ijayo gari la kampuni linakupeleka Mvumi. Ukirudi, waandikie tena. Ila safari hii utaje pampu, baba yangu."

Sasa sijui nimepandishwa cheo au nimeonewa huruma. Ninachojua ni kwamba kisu nakiogopa. Tafadhali toka huko Gulwe uje unishike mkono.

Mama yetu akikuuliza, mwambie tumekwenda Mvumi kuuza pampu.

Kaka yako mwoga,
Bartolomayo