Nilifuta Gemu, Akash Akaitwa Mwongo

Bi Josepha mpendwa, shikamoo. Barua hii nimeianza mara nne na kuichana mara nne, leo naimaliza hata ikitoka vibaya, kwa sababu nina jambo limenikaa kifuani miaka kumi na miwili na sasa zimebaki wiki mbili tu kabla halijawa kubwa zaidi, na sina wa kumwambia maana wote ambao ningewaambia wamo ndani yake.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapa Dar, nina miaka ishirini na mitano. Marehemu baba yangu, Benjamini, alikuwa fundi cherehani kutoka Masasi, na cherehani yake ilikaa barazani kwenye duka la vitambaa la Mzee Devendra, pale Mchafukoge. Nikitoka shule nilipita kumsalimia baba, kisha napanda ngazi hadi ghorofa ya pili kwa Mzee, kwa sababu binti yake, Jinal, alikuwa rika langu na rafiki yangu kuliko wote. Mjomba wao akawaletea mashine ya gemu kutoka Dubai, ndio vitu vilikuwa vimeanza kuingia kwa wingi wakati ule, na kila kaseti iliyokuja nayo ilikuwa ya kampuni moja kubwa ya Kijapani, ile ambayo ukiwasha tu jina lake linashuka taratibu katikati ya kioo na sisi tunanyamaza kama tuko kanisani. Huku bara hakukuwa na kituo cha televisheni bado, televisheni yao ilikuwa ya kanda za video za Kihindi, kwa hiyo mchana ilikuwa yetu.

Bi Josepha, wanafunzi wangu hunionyesha gemu za siku hizi, watu wanatoka jasho kama watu kweli, nami naona sawa, lakini zile za kampuni ile mtu alikuwa vidoti ishirini tu na tulimpenda. Kulikuwa na ya magari, kila kona tunalala upande pamoja na sofa, kulikuwa na ya kupanga matofali ambayo mama yake Jinal aliizoea akatushinda wote huku ana unga wa chapati mikononi, na kaseti ikigoma tunapuliza chini yake, ikiwaka tunajiona mafundi. Iliyotushika zaidi ilikuwa ya hadithi, ya msichana anayevuka falme saba kurudisha mvua kwao. Maneno yake yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza cha Jinal kilikuwa cha darasani kama changu, basi tunasimamisha gemu, tunafungua kamusi ya Mzee, tunaandika neno kwenye daftari, tunaendelea. Kiingereza ninachofundisha leo kilianzia pale. Kaseti ilikuwa na mahali pa kuhifadhi ulipofika, na kwa mgao wa umeme wa mwaka 1992 tulihifadhi kila baada ya dakika chache, miezi minane, mpaka tukafika mlango wa ufalme wa saba.

Ijumaa ile Jinal akaniambia anaondoka Jumapili kwenda Leicester kwa shangazi yake, kusoma, moja kwa moja. Alinieleza kama mtu anayesema anaenda Posta. Akasema, "Kaseti naenda nayo, nitamalizia kule." Akaenda jikoni kumsaidia mama yake kufunga vitafunwa vya safari. Mimi nilibaki na pedi ya kuchezea gemu mkononi, na mdogo wake, Akash, wa miaka minane, amekaa chini anachezea pedi ya pili ambayo haikuwa imechomekwa. Nikaingia mahali pa kuhifadhi, nikachagua kufuta. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Neno hilo tulikuwa tumeshaliandika kwenye daftari, nililijua vizuri. Nikajibu ndiyo.

Jinal aliporudi alipiga kelele mpaka Mzee akapanda kutoka dukani. Akash akaulizwa. Akasema, "Sijagusa." Akaulizwa tena, akasema vilevile, akapigwa kofi, akaulizwa mara ya tatu, akasema vilevile akilia, na Mzee akamwambia kinachomuudhi si gemu, ni uongo. Mimi nilikuwa nimesimama pale, mita moja. Nilikaa kimya.

Jinal aliondoka bila kumuaga mdogo wake. Na tangu siku hiyo kitu kikipotea nyumba ile, iwe mkasi au ufunguo, wanasema muulizeni Akash, halafu wanacheka, na yeye hacheki. Jinal amekuja mara mbili katika miaka yote hii, na mara zote alifunga begi lake kwa kufuli, Akash anaona. Baba yangu alipofariki, Mzee Devendra ndiye aliyesimamia kila kitu kama ndugu. Sikuweza kusema wakati ule. Nilijiambia nitasema baadaye.

Sasa Akash ana miaka ishirini. Kona moja ya duka la baba yake anauza simu na gemu za mtumba. Wiki iliyopita aliniita, "Dada Scholastika, njoo uone." Alikuwa amepekua kaseti za mitumba Kariakoo yote karibu mwaka mzima, akapata nyingine ya gemu ileile ya falme saba, na mashine yake. Jinal anakuja mwezi huu na mtoto wake wa kwanza. Akash akaniambia, "Nitampa, na nitamwomba msamaha. Labda nilibonyeza kweli, nilikuwa mtoto, sikumbuki vizuri. Nimechoka kukataa kitu ambacho watu wote wanakijua."

Nikamwambia ni wazo zuri. Bi Josepha, hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Usiku na mchana najiuliza, nimwache aombe msamaha, wapatane, yaishe? Jinal atafurahi, Mzee atafurahi, hata Akash mwenyewe atapumua. Nikisema, nitampoteza Jinal, na nyumba ile ndiyo nyumba yangu ya pili. Naomba unishauri, na usinionee haya.

Scholastika, Kariakoo

*

Scholastika, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Hapo kwenye gemu nilitabasamu, nami si mtu wa gemu. Hapo kwenye pedi isiyochomekwa niliiweka chini, nikaenda kunywa maji.

Tuanze na yule msichana wa miaka kumi na mitatu. Rafiki yake wa pekee alikuwa anaondoka na wala hakumwambia kwa upole. Aliumia, akaharibu kitu. Huyo nimemsamehe, na wewe msamehe. Mwenye miaka ishirini na mitano ndiye nina neno naye. Huyo wiki iliyopita alimtazama kijana wa watu usoni, akamsikia akikubali kosa lisilo lake, akamwambia ni wazo zuri.

Unasema Akash atapumua. Hapana, mwalimu. Akash amefika mahali haamini tena kumbukumbu zake mwenyewe. Alisema kweli mara tatu huku anapigwa, na leo anadhani labda alikosea. Ukimwacha aombe msamaha huo, umemfunga humo maisha yake yote, na safari hii hutakuwa mtoto. Amani unayoitaka ni yako wewe peke yako.

Sasa nisikilize. Nenda kesho, asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Mwambie Akash kwanza, kabla ya Jinal na kabla ya Mzee, maana yeye ndiye aliyekosewa zaidi. Sema kwa sentensi moja, wazi. Usianze kulia, ukilia atalazimika kukubembeleza, na hiyo si zamu yako. Usiseme "nilikuwa mtoto". Akitaka kulisema hilo kwa niaba yako, atalisema. Kisha muulize anataka Mzee aambiwe vipi, na ufanye atakavyo. Jinal mwambie ana kwa ana akishafika. Usithubutu kumtumia barua pepe.

Huenda wakakasirika. Simama hapo, upokee. Lakini mimi nimesikia mambo ya nyumba nyingi, na sioni hapa nyumba inayobomoka. Naona dada na mdogo wake waliotenganishwa na neno moja, na mtu mmoja tu Dar nzima mwenye neno la kuwarudisha. Wewe unalo. Nenda kaliseme.

Josepha

*

Wiki nne baadaye Scholastika aliniandikia tena. Naiweka hapa kwenye safu hii kwa ruhusa yake na ya wenzake.

Bi Josepha, nilienda. Akash alikuwa anafuta vioo vya kabati. Nikamwambia, "Akash, ile gemu niliifuta mimi, kwa makusudi, wewe hukugusa." Akaweka kitambaa chini. Akasema, "Rudia." Nikarudia.

"Kwa hiyo mimi sikuongopa."

"Hukuongopa."

Nikamuuliza kuhusu baba yake kama ulivyoniagiza, naye hakungoja, akaita, "Baba, njoo hapa usikie." Nikasema mara ya tatu. Kulikuwa na akina mama wawili wanachagua vitenge, na Mzee Devendra hakujali. Alivua miwani yake akamwambia mwanawe, "Nilikupiga na kukuita mwongo, na wewe ulisema kweli. Nisamehe, mwanangu." Sijawahi kumsikia Mzee akiongea hivyo na mtu yeyote. Mimi aliniambia niende nyumbani, nirudi kesho yake. Niliporudi alinipa kiti, na chai ikaja. Akash yeye hakunisemesha siku tisa. Siku ya kumi alinisalimia.

Jinal nilimwambia siku ya pili tangu atue, sebuleni kwao. Mtoto alikuwa amelala mapajani mwake. Nilidhani atanifukuza. Akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia tu kwamba hutaki niondoke?" Nikamwambia sikujua kwamba mtu anaweza kusema hivyo.

Akanipa mtoto nimshike, akashuka dukani. Mlango wa ngazi ulikuwa wazi, nikawasikia yeye na Akash wanaongea Kigujarati, sauti zao chini, saa nzima na zaidi. Sikuelewa hata neno, wala halikuwa langu kuelewa.