Jina Ulilolitaja Bomba Likiwa Wazi

Mwaka umetimia tangu ututoke, Mama, na Jumanne iliyopita jirani yetu wa ukuta wa pili, yule mama fundi mshona nguo, alituletea habari ambayo mpaka leo hatujui tuiweke wapi.

Anasema ilikuwa kila asubuhi saa moja na nusu, sisi tukiwa tumeshakwenda kazini na wajukuu wako shuleni. Maji kwake yalikuwa yanapungua ghafla, kwa kuwa nyumba zetu mbili zinatumia bomba moja. Akavumilia wiki nzima. Ya pili ilipoanza akaja mkono kiunoni, kukupa vidonge vyako. Akakukuta uani umepiga magoti kando ya ndoo. Bomba liko wazi mpaka mwisho, ndoo imefurika, maji yanakimbilia mferejini, na wewe unasali. Ulikuwa unamtaja mwanao mkubwa.

"Nikamwuliza, jirani, maji yote haya unambatiza nani?" mama fundi alitusimulia. "Akacheka kidogo. Akasema, nafunika sauti. Kijana alinikataza nisimtaje tena watu wakisikia, nami nikamwahidi. Lakini kuacha kabisa nimeshindwa. Usiwaambie wanangu."

Ndivyo anavyosema. Naye alikuahidi, ndiyo maana akanyamaza mpaka mwaka ukaisha.

Binti yako wa kati alimsikiliza, halafu jirani alipoondoka, binti akasema huyu mama huongeza chumvi hata kwenye chai. Kitindamimba wako alikuwa anakunja nguo. Alizikunja zote, akazikunjua, akazikunja tena.

Wasiokujua, Mama, tuwaambie kidogo. Uliingia nchi hii na watoto wawili mkononi na wa tatu tumboni, na bahasha ya karatasi za uhamiaji umeifunga kifuani kwa kanga. Hukuwa na ndugu hapa. Sokoni walikucheka lafudhi, ukawaambia, "Chekeni, mkimaliza mnipimie vitunguu." Miaka ishirini na mbili ulifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Kila shuka ulilokunja ulilisemea neno moja, "Aamke." Wenzako kazini wakakubandika jina hilo, Mama Aamke, na msimamizi naye akakuita hivyo hivyo mpaka ukastaafu.

Mkono wako haukuacha kukunja. Mgeni akivua koti, analikuta limekunjwa pembe kwa pembe. Mjukuu akilala na daftari kifuani, anaamka daftari liko chini ya mto, penseli imechongwa.

Na sala zako. Alfajiri, mlango wa chumba wazi, kwa sauti ya kumfikia mtu wa barabarani. Nyumba hii haikuwa na siri. Ulikuwa hutugombezi, ulikuwa unatushitaki. "Ee Mungu, mtazame kitindamimba wangu. Amesema kichwa kinamwuma, hawezi kwenda ibadani. Kichwa hicho umekiumba wewe, unajua kama kinauma." Na binti wa kati kutoka kitandani, "Mama, Mungu amesikia. Na sisi tumesikia. Na jirani amesikia." Wewe unaendelea, "Na huyu anayenikatiza, mpe mume mwenye subira." Akapewa kweli. Mkweo yupo, anakusalimu.

Hivyo ndivyo tulivyojua nani anadaiwa msamaha na nani, nani hajala, nani ana wasiwasi. Tulizoea kusikia habari zetu kutoka kwako ukimwambia Mungu. Kuulizana wenyewe kwa wenyewe hatukujifunza.

Asubuhi moja, miaka mitatu iliyopita, wazazi wa mchumba wa mwanao mkubwa walikuwa wamelala sebuleni. Wewe ukapiga magoti kama siku zote. Ukamwomba Mungu amtazame mwanao, ambaye ameachishwa kazi ya udereva, na wiki ya tatu sasa anavaa sare anatoka kwenda kukaa bustanini mpaka jioni, kwa aibu. Wageni walikunywa chai, wakashukuru, wakaenda. Uchumba ukaishia hapo. Jioni tuliporudi kutoka kazini hatukumkuta kaka yetu wala begi lake. Ulisema neno moja tu, "Ameondoka." Kilichosemwa kati yenu wawili mlangoni hatukukijua.

Kesho yake tukasikiliza. Ukatutaja wote, mpaka msimamizi wako wa zamani, mpaka paka. Yeye hukumtaja. Wala kesho kutwa. Wala miaka miwili iliyofuata. Mwenye kusali kama wewe akiruka jina la mwanawe, watu watafikirije? Tulifikiri umemfuta.

Alipiga simu mara moja, Mama. Hilo hukuwahi kuambiwa. Ilikuwa mchana, kitindamimba wako alikuwa mapumzikoni pale anaposafisha ofisi, amekaa kwenye ngazi.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Bado ananiombea?"

Na mtoto wako yule wa mwisho, ambaye hajawahi kukudanganya jambo kubwa, alijibu alichokiamini. "Hakutaji tena, kaka. Siku hizi ana watoto wawili."

Kaka yake akasema, "Sawa." Akasema tena, "Sawa." Akakata.

Ulipofariki tulituma ujumbe kwenye namba ileile. Haukujibiwa. Tukasema moyo wake mgumu. Tulikuzika na nafasi moja wazi kwenye mstari wa mbele, kisha akaja mtu tusiyemfahamu, aliyekuwa amechoka kusimama, akakaa.

Watu wanatuuliza kama mwaka umesaidia. Hatujui wanataka tuseme nini. Tunaamka. Alfajiri nyumba iko kimya, tunavaa, tunapishana koridoni. Mjukuu wako, yule tunayemwita Askari kwa sababu huuliza kila mtu anakwenda wapi, aliuliza mezani, "Sasa hivi nani anatusema kwa Mungu?" Baba yake akasema kula. Akala. Hata hiyo siku ya mama fundi hatukutoa machozi. Tulishusha mapazia tukayafua, ijapokuwa yalikuwa masafi.

Kama jirani ameongeza chumvi, basi. Lakini kama ni kweli, Mama, kuna mtu huko aliko anatembea na neno ambalo si lako. Ni letu. Kitindamimba wako amepiga ile namba siku nne mfululizo. Sasa ina mwenyewe mwingine, fundi magari, mtu mpole. "Dada, laini hii nimeinunua dukani. Huyo kaka yako simjui." Siku ya nne akamwambia, "Pole, lakini usipige tena, mke wangu ameanza kuuliza."

Ndiyo maana tunaandika gazetini. Mwanao mkubwa hufungua gazeti kwa nyuma, anasoma mpira, kisha kurasa hizi za marehemu, zilizobaki anafungia vitu. Ulikuwa unamshitaki kwa Mungu kwa hilo pia.

Unakumbukwa na mwanao mkubwa, dereva. Unakumbukwa na binti yako wa kati na mumewe. Na kitindamimba wako, aliyeandika haya kwa niaba ya wote. Na wajukuu wako watatu, Askari akiwa mbele. Na wenzako wa chumba cha mashuka. Na mama fundi wa ukuta wa pili. Hutatutoka moyoni, Mama, siku zote tulizobakiwa nazo.

Jina la mkubwa tumelitanguliza bila kumwuliza. Ibada ya mwaka ni Jumapili hii saa nne asubuhi, nyumbani, mlango uleule. Kaka, kama hutaki kuwekwa hapo, tunakuomba uje useme mwenyewe.