Shuka Shingoni, Sheria ya Jinai Mkononi

Jumapili jioni, Julai 1958. Baridi, manyunyu, na moyo uliojaa hadi juu.

Mvua hii ya Julai haina kelele. Inaning'inia tu hewani, na ukitoka nje unarudi umelowa bila kujua ulilowa saa ngapi. Loice yuko mlangoni anapepea jiko. Anaimba wimbo wa kanisani ambao hajui maneno yake yote, na panapokosekana neno anaweka jina langu. Sitamsahihisha hata siku moja.

Nimeoa. Naliandika neno hili polepole ili lisiniishie.

Tumeoana tangu Pasaka na bado nikiamka asubuhi nashangaa kumkuta. Nasema kimoyomoyo, kumbe haikuwa ndoto, halafu nalala tena dakika chache ili nipate kushangaa mara ya pili. Wenzangu ofisini wananicheka. Wanasema uso wangu unawaka kama taa ya gari. Waache wacheke. Hawajamwona Loice akikunja nguo.

Yeye ni yaya kwa familia moja ya Wazungu hapa karibu na Ngong Road, na chumba hiki cha nyuma tulichopewa ndicho kasri letu. Mimi ni karani wa wakili mmoja mjini, Bwana Trivedi, juu ya duka la vitambaa. Kila asubuhi napanda baiskeli kwenda kupiga chapa hati za watu wengine. Jioni narudi, naketi juu ya sanduku la nguo, nafungua kitabu changu mwenyewe. Tangu Januari nasoma sheria kwa njia ya posta. Masomo yanatoka London, nami nayajibu kwa mwandiko wangu bora. Huu ni mwaka wa kwanza, na mwaka huu wa kwanza umeshikwa na sheria ya jinai.

Nilidhani ni somo la wauaji na minyororo. La! Ni somo la moyo wa mtu. Mlango wa kwanza kabisa wa kitabu unasema kosa linahitaji vitu viwili: tendo, na nia iliyo nyuma ya tendo. Mkono peke yake haumfanyi mtu kuwa mhalifu. Lazima kuwe na kitu ndani kilichoutuma ule mkono. Niliposoma hivyo mara ya kwanza nilifunga kitabu nikatazama dari muda mrefu. Nani angedhani kwamba mahakimu wenye nywele za bandia wanauliza swali lile lile wanalouliza wapenzi: ulikuwa na nini moyoni?

Loice ndiye mwalimu wangu wa marudio. Juzi alikuwa akichambua mchicha nami namweleza.

"Ukichukua mwavuli wa mwenzako ukidhani kweli ni wako, huo si wizi," nikasema.

"Na ukichukua msichana wa watu?"

"Hapo wataangalia nia."

"Na nia yako ilikuwa nini, bwana wakili?"

"Mbaya kabisa. Nilipanga miezi mingi."

"Basi ufungwe maisha."

"Ndilo ombi langu, mheshimiwa."

Akanirushia jani la mchicha. Nimeliweka kati ya kurasa za mlango wa pili, limeacha doa la kijani juu ya lile neno la Kilatini la nia, na sijali.

Lakini leo sikukaa kuandika mambo ya mchicha. Leo nusura niipoteze sheria yote, na kazi, na kila tunachokiota sisi wawili tukiwa tumezima taa.

Mama yake Loice amekuja Nairobi. Anakaa Makongeni kwa kaka yake Loice, na leo alikuja kuona binti yake anaishi wapi. Mtu wa kwetu akisoma hapa anajua tayari shida iko wapi. Kwetu Bungoma, mwanamume na mama wa mke wake hawakutani uso kwa uso. Si chuki. Ni heshima, ila ni heshima kubwa kiasi kwamba unaiogopa kama moto. Akipita njia hii, wewe unashika ile. Siku ya harusi alikaa nyuma kabisa kanisani, amejifunika leso, na mimi nikatazama mbele kama askari wa gwaride. Sijawahi kuuona uso wake, naye hajawahi kuuona wangu.

Kwa hiyo tulipanga. Mimi nitoke kabla hajafika, nikae kule kwenye maduka ya Adams Arcade, nisirudi mpaka giza lianze kuingia. Rahisi hivyo.

Nikatoka na kitabu kwapani. Nikapata ukingo mkavu karibu na maduka, nikafungua mlango wa wizi. Nilisoma vizuri. Wizi ni kuchukua mali ya mwingine na kuiondoa mahali pake, hata ikiwa ni hatua moja tu, kwa nia ya kumnyima mwenyewe. Nikarudia maneno hayo nikiwa nimefumba macho. Nikaona madirisha ya duka yenye vitambaa vya gauni. Nikaona kitambaa kimoja cha rangi ya anga, nikamwona Loice ndani yake. Nikatuona tukiwa tumezeeka, mimi nina miwani, kibao cha jina langu kiko ukutani mjini, naye anakuja ofisini kuniletea chakula kisha anakaa kwenye kiti cha wateja na kukataa kuondoka. Mvua ikaanza. Nikainuka. Nikatembea huku nikiendelea kupanga mahali pa kuweka kiti hicho.

Nilichosahau ni kwamba sikutakiwa kutembea. Miguu ilishika njia ya nyumbani yenyewe, kama ng'ombe wa jioni.

Nilizinduka nikiwa katikati ya kile kichochoro chetu, michongoma huku na michongoma kule, na mbele yangu, karibu sana, mwavuli mmoja unakuja na wanawake wawili chini yake. Viatu vya Loice navijua. Vile vingine sikuvijua, nikajua ni vya nani.

Kurudi nyuma nisingewahi. Kusimama hakukuwezekana. Kulikuwa na tundu kwenye ua, mahali mbwa hupitia. Nikaingia kichwa mbele.

Miiba ikachukua sehemu yake ya shati langu. Nikatokea upande wa pili nikiwa natambaa, nikajaribu kusimama, nikateleza kwenye tope, nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa juu yangu. Kilikuwa kamba ya nguo. Kamba ikakatika. Nikaanguka, nikainuka, nikaenda hatua mbili tatu nikiwa sioni, kwa sababu nilikuwa nimevikwa shuka nyeupe kuanzia kichwani.

"Mwizi!"

Mkono ukanikamata ukosi. Nilipoifunua shuka nilimwona mzee mwenye kabuti refu na rungu, mlinzi wa nyumba hiyo ya jirani. Ni Mkamba, wanamwita Mzee Musyoka. Huwa namwona kwa mbali langoni, lakini hatujawahi kusalimiana, na leo sikuonekana mtu wa kusalimiwa.

"Unapeleka wapi shuka ya memsabu?"

"Mzee wangu, tafadhali, sikuwa na nia..."

"Nia gani? Shuka iko shingoni!"

"Ndiyo, lakini tendo bila nia si kosa."

"Hiyo utaambia polisi. Twende kwa bwana apige simu."

Hapo ndipo baridi iliniingia kweli. Nilikuwa nimesimama ndani ya ukurasa niliotoka kuusoma. Nimeingia mahali pasipo pangu. Nimechukua. Nimeondoa mahali pake, na si hatua moja, ni hatua mbili tatu. Tendo lilikuwa limetimia pande zote, safi kabisa, mwalimu yeyote angelipatia alama zote. Kilichobaki kuniokoa kilikuwa ndani ya kifua changu, na nani angekiona kule?

Siku hizi za Hali ya Hatari askari hawamwulizi Mwafrika mara mbili alikuwa akifanya nini nyuma ya nyumba ya Mzungu. Na Bwana Trivedi aliniambia waziwazi siku niliyoanza masomo: mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa wizi hapati barua ya tabia njema, na bila barua hiyo hakuna uwakili, hata ukimeza vitabu vyote. Hata ukarani wangu ungekwisha. Nikaona kibao cha jina langu kinang'olewa kabla hakijapigiliwa.

Loice alikuwa amesikia kelele. Akaja mbio mpaka kwenye ua, nikaona macho yake kwenye lile tundu.

"Mwachie! Huyo ni mume wangu!"

"Haya," akasema Mzee Musyoka, "hata mwizi anaoa. Bibi yake atasema nini ingine?"

Naye alikuwa na haki. Ningekuwa hakimu ningesema vivyo hivyo. Loice akaanza kulia, nami nikaona ni afadhali nipigwe rungu kuliko kuisikia sauti ile.

Ndipo ikaja sauti nyingine, nzito, isiyo na haraka, kutoka nyuma ya michongoma.

"Wewe mzee wa rungu. Kwenu ni wapi?"

"Kwetu Machakos. Kwa nini?"

"Huko kwenu, mwanaume anakutana na mama ya bibi yake njiani, anafanya nini?"

Mkono wa Mzee Musyoka ulikuwa bado kwenye ukosi wangu lakini nilihisi vidole vikifikiri.

"Anatoka njiani," akasema. "Anaingia kichakani."

"Na kama hakuna kichaka?"

"Anatafuta."

"Basi mimi ndiye mama ya huyu msichana. Huyo alikuwa ananikimbia. Shuka haikuwa shauri yake, shauri yake ilikuwa mimi. Kama iko makosa, makosa ni ya hii njia yenu nyembamba."

Mzee alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele. Tope, miiba, shuka ya memsabu, kitabu kinene bado kwapani. Halafu bega lake likaanza kutikisika. Nilidhani anakasirika. Alikuwa anacheka.

"Mimi," akasema akijifuta macho, "nililala kwa shamba ya mtama mchana mzima. Mama mkwe anakata kuni pale karibu, hataki kwenda! Siafu wananikula, nimenyamaza." Akaniachia ukosi. "Kijana, kwenu ni wapi?"

"Bungoma, mzee."

"Na nyinyi pia mko hivyo?"

"Sisi pia."

"Basi utafua hiyo shuka sasa hivi, na utafunga kamba, memsabu akirudi asione kitu. Akiona, ni mimi nafukuzwa. Na utapita langoni kama mtu."

"Asante, mzee wangu. Asante sana."

Sikuthubutu kutazama kwenye ua. Lakini kabla hajaondoka, mama yake Loice alisema neno moja zaidi. Hakusema na mimi, Mungu apishe mbali. Alisema na binti yake, lakini kwa sauti ya kutosha kuvuka michongoma.

"Huyo wako anatembea bila koti na baridi hii. Mshonee sweta."

Kisha nikasikia viatu vyake vikienda zake kuelekea barabarani, ambako mwanawe, yule wa Makongeni, alikuwa anamngoja.

Nililia kidogo nikifua ile shuka. Loice alirudi, akapitia langoni, akapiga magoti upande wa pili wa karai, tukafua pamoja. Maji yalikuwa barafu. Vidole vyetu vilikutana ndani ya povu kila mara, na si kila mara kwa bahati mbaya. Mzee Musyoka alitugeuzia mgongo, akajifanya analinda lango.

"Bwana wakili," Loice akasema, "kwenye kitabu chako, hii inaitwa nini?"

"Inaitwa kuponea chupuchupu."

"Kwa Kilatini?"

Nikamrushia povu. Alicheka mpaka akalowesha mikono yote miwili ya gauni.

Sasa ni jioni na kitabu kiko wazi mbele yangu, kurasa zimevimba kwa unyevu. Kinasema nia ya mtu haionekani, kwa hiyo mahakama huipima kwa matendo yake. Jana ningeikariri sentensi hii nikaendelea. Leo siwezi. Matendo yangu yote leo yalisema mwizi. Mtu pekee aliyeijua nia yangu ni mwanamke ambaye hajawahi kuuona uso wangu, na aliijua kwa sababu alijua mahali nilipotoka, na alijua kwamba mahali hapo mtu mwenye adabu huchagua miiba.

Hakimu wa mjini hapa angejuaje? Nani angemwambia? Na wale ambao majina yao nayapiga chapa kila asubuhi kwenye hati za mashtaka, bila hata kuinua macho?

Loice anasema chakula tayari. Ameketi, mwanga wa taa uko shavuni mwake, na hakuna sheria inayoweza kunizuia kuacha kuandika hapa hapa.

Ila nijiulize kabla kalamu haijalala. Siku ile nitakaposimama mahakamani, nina miwani na joho, na mbele yangu yuko mtu mwenye tope magotini na mali ya watu mkononi, je, nitakumbuka kumwuliza alikuwa akimkimbia nani?