Juu Mawili, Chini Hakuna

Same, 6 Machi 1951

Dada Eliwaza,

Mtoto mmoja akaniuma kidole mpaka damu ikatoka, baraza zima likacheka. Mama yake akasema, "Haya, jino limejihesabu lenyewe!" Ndiyo kazi yangu sasa, kutia kidole midomoni mwa watoto wa watu.

Shikamoo dada. Nimeanza vibaya, nisamehe. Hujambo? Mwanao Tumainieli anaendeleaje? Shemeji Naftali ameleta habari kutoka mkongeni? Mimi mzima, ila vumbi la hapa limenipasua midomo.

Umeniuliza utafiti ni kitu gani, maana huko wanasema ni kunyonya watu damu. Mzungu wetu, Bwana Mizani mwenyewe (watu wamempa jina hilo kwa mizani yake) naona haya kumwuliza. Nikamwuliza karani wetu, Reginald. Akasema utafiti ni kuuliza jambo ambalo jibu lake hulijui, halafu unalifuata kwa utaratibu mpaka ulipate, hata kama hulipendi. Aina zake ni nyingi, ila sisi tunafanya tatu. Kuna kutazama na kupima: uzito, urefu, meno. Kuna kwenda nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanakula nini na kwa nini; huo hauna mizani, una masikio tu. Na kuna jaribio: kijiji kimoja watoto wanapewa maziwa ya unga, kingine hawapewi, kisha wanalinganishwa. Nikauliza, wale wasiopewa wanajua? Akaniambia nikachote maji.

Mimi natazama mdomo natamka, "Juu mawili, chini mawili," Reginald anaandika. Sauti yangu unaijua. Bwana anafoka, "Nathanaeli, sema wakusikie!"

Ni mimi mdogo wako,
Nathanaeli


Usangi, 19 Machi 1951

Mdogo wangu Nathanaeli,

Marahaba. Mimi nipo. Barua yako nimeisomea jikoni. Mavyaa, mama yake Naftali, akauliza inasemaje, nikamwambia inamsalimia.

Mwulize huyo Bwana wako: meno ya juu yakitangulia, sababu ni nini?

Umeshaelewa. Niliyaona Jumapili mtoto alipocheka. Mawili, madogo kama punje za mchele. Tangu hapo namfunika mdomo na kanga, nasema ana mafua. Nahitaji wiki chache tu, ya chini yachomoze, basi hakuna atakayejua yapi yalitangulia.

Usiniambie mambo ya kigego, mtoto wa mkosi anayetanguliza meno ya juu, yamekwisha. Mavyaa amebatizwa, Jumapili anaimba kuliko wote, lakini masika yamechelewa, ndiva, bwawa letu la kumwagilia, imebaki tope, na ng'ombe ametupa mimba. Anazunguka anatafuta sababu. Na yeye anatafiti, mdogo wangu! Anatazama, anauliza majirani. Ila yeye jibu analo kabla hajauliza. Juzi akawa anamsimulia wifi yangu Dorkasi mambo ya kale, kwamba mtoto wa namna hiyo hakutupwa jabalini kwa mkono wa mtu. Alilazwa ukingoni akiwa na usingizi, akiamka ajigeuze mwenyewe. Alisimulia huku anachambua maharage.

Jibu upesi.

Dada yako,
Eliwaza


Same, 28 Machi 1951

Dada Eliwaza,

Shikamoo. Natumaini mu wazima, nawaombea.

Nilijikaza nikamwuliza Bwana, sikutaja jina. Akasema meno hutoka yanavyotaka. Amekagua watoto wengi, na waliotanguliza ya juu amewaona, wamekua kama wenzao. Hakuna sababu, hakuna dhara. Alifurahi kuulizwa, akanipa sigara. Sivuti, nimempa Reginald.

Sasa lililo baya. Jumatatu tarehe tisa tunakuja Usangi. Jumbe ameshaamriwa kila mtoto aletwe, atakayefichwa mzazi wake atashtakiwa. Kwa hiyo mlete. Usiogope. Kaa kwenye mstari wangu, mimi ndiye nitakayemfungua mdomo, na nitatamka "Chini mawili." Hata sauti nitaipaza siku hiyo.

Sijawahi kusema uongo mbele ya mizani. Huo nitausema.

Mdogo wako,
Nathanaeli


Usangi, 10 Aprili 1951

Nathanaeli mdogo wangu,

Salamu nyingi sina. Mtoto mzima, mpaka ninapoandika.

Ulitamka vizuri. "Chini mawili," ukasema kwa sauti ya mwanaume, nikageuka niende zangu. Kwa nini hukuniambia kwamba wengine hurudiwa? Kwa nini hukuniambia Bwana huchagua baadhi yao awakague mwenyewe, aone kama mmekosea? Ungeniambia ningekimbia, nishtakiwe.

Alimbeba Tumainieli vizuri kabisa, kama mjukuu wake. Akamfungua mdomo. Akasema kwa Kiswahili chake, na baraza zima linasikia, "Hapana, hapana. Juu mawili, chini hakuna. Nathanaeli, leo umelala?" Akacheka, akampapasa mtoto kichwani, akanirudishia. Hajui alichosema. Nilikutafuta kwa macho, nawe ulikuwa unatazama miguu yako. Kisha lori likawachukua.

Mavyaa alikuwepo, akasikia. Tulipofika alipika makande mwenyewe, akamwogesha mtoto, akamwimbia. Amesema Jumamosi atamchukua akamwonyeshe mashamba ya babu yake. Babu hana mashamba upande ule. Kule kuna jabali tu.

Nalala nimemfunga mgongoni. Dorkasi anakaa mlangoni anasuka ukindu, nikitoka kujisaidia ananifuata. Jumbe ni ndugu yao. Mchungaji yuko safari. Naftali yuko mkongeni. Barua hii nampa Koleta, anashuka na ndizi.

Njoo kabla ya Jumamosi.

Dada yako,
Eliwaza


Same, 16 Aprili 1951

Dada Eliwaza,

Shikamoo.

Leo Jumatatu ndiyo Koleta amenifikia. Alikwama Mwanga, hakupata gari. Alinipa barua yako pamoja na ndizi mbili, akasema, "Dada yako anakusalimu." Nikamwuliza mtoto je? Akasema, "Sijui baba, mimi nimetoka huko Ijumaa."

Nilisahau habari ya kurudiwa. Ni kazi ya kila siku, nimeizoea mpaka siioni.

Jumamosi usiku mvua ilinyesha. Hapa watu walitoka nje wakacheza ndani yake. Mimi nilifurahi pia, nilikuwa sijasoma barua yako. Sasa naiogopa ile mvua. Najua Mavyaa atasema imeletwa na nini. Reginald anasema mvua moja haithibitishi kitu. Namwambia, panda ukawaambie.

Nimemweleza Bwana yote, kwa mara ya kwanza bila haya. Alibadilika rangi, akakaa chini. Kisha akasema ataandika kwa Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na kwamba ni jambo kubwa, linataka kuulizwa kwa utaratibu, nyumba kwa nyumba. Akaniambia nisubiri. Nikamwambia mimi swali langu ni moja.

Barua hii nitaibeba mwenyewe. Kama upo utaisomea jikoni. Kama mlango umefungwa, nitaipitisha chini yake, kisha nipande mpaka kule jabalini nikatazame. Kutazama nimefundishwa.

Lori la chumvi limeshawasha moto, dereva ananiita, "We kijana, twende, matope yatatukamata Kisangara!" Lazima niondoke sasa, dada. Jibu liko huko juu, na sitaki linifikie kwa barua.

Mdogo wako,
Nathanaeli