Siku Niliyompigia Mama Mkwe Magoti

Nyakasimbi, Jumapili jioni, Machi 1954

Bado nacheka. Kila nikicheka nyonga inachoma kama kaa la moto, lakini siwezi kuacha.

Miaka minne sasa, tangu nimzae Yohana, namwamkia mama mkwe nimesimama wima kama askari. Huku kwetu mke asiyepiga magoti ana kiburi, na nani ataamini maumivu asiyoyaona? Leo alipofika kutoka Kituntu nikasema liwalo na liwe. Nikashuka polepole mpaka kwenye nyasi tulizotandika sakafuni.

"Shikamoo, mama."

Nikaona nyota. Nikabaki pale pale, kuinuka siwezi.

Mama akaitikia, akainama kunivuta, naye akaanguka kitako kando yangu. Akajaribu kuinuka, akashindwa.

"Mwanangu," akasema, "magoti yangu yalikufa zamani. Unadhani kwa nini siji kwako mara kwa mara? Naogopa kuketi chini halafu nishindwe kuinuka mbele yako."

Tukatazamana. Aliyeanza kucheka ni yeye.

Mume wangu alitukuta pale pale chini, tunamenya ndizi alizoleta mama. Akatuinua mmoja mmoja kama magunia ya kahawa.

Maumivu haya labda hayataisha. Najua usiku yatanilipiza. Lakini mama atakuja tena Alhamisi, na nimemwomba mume wangu achonge kigoda kirefu.

"Kimoja?" akauliza.

Viwili, nimemwambia. Na vilingane.