Kidodoso cha Nzigire

Jumanne, 10 Juni 2025
Leo nimeanza kulinganisha majibu. Wanawake arobaini wanaovuka mpaka kuuza Bukavu. Kila mmoja alimjibu mwenzangu wa kazi, Épiphanie, uso kwa uso, kisha akajaza maswali yaleyale peke yake kwenye simu. Mbele ya mtu — wote malaika! Kwenye simu — vilio vitupu. Mpe mwanamke simu, atakutungia msiba. Nimecheka peke yangu ofisini.

Jumatano, 11 Juni
Majina hayaonekani. Kuna alama tu: herufi mbili za jina la mama, tarehe ya kuzaliwa, idadi ya ndugu. NS-14-7. Nikaisoma tena. Nsimire ni mama mkwe. Tarehe kumi na nne. Ndugu saba. Mke wangu, naye huvuka mpaka kuuza!
Swali: unamwogopa mtu nyumbani kwako? Kwa Épiphanie: hata kidogo. Kwenye simu: kila siku.
Kila siku! Na simu nilimnunulia mimi. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 12 Juni
Nimemuuliza Nzigire, kwa upole, kama kuna mtu anamtisha.
"Hapana, Papa Gracia. Kunywa chai, inapoa."
Na tabasamu juu! Mnafiki. Chai nimeimwaga — sakafuni, si juu yake. Mwanetu Gracia akaanza kulia, nikamtoa nje. Mama yake akapiga magoti kufuta.

Ijumaa, 13 Juni
Épiphanie kaja mezani pangu. Waliojibu "kila siku" watatembelewa na mwanasaikolojia.
"Ni batatu tu, Papa Gracia. Jumatatu nafungua daftari ya majina, tubatafute."
Aibu gani hii! Lakini kidodoso cha simu kiko wazi hadi Jumapili, na anayejaza upya, jibu la mwisho ndilo linalobaki.

Jumapili, 15 Juni
Tumetoka misa. Gracia yuko kwa jirani. Nimemketisha Nzigire hapa kando yangu, simu mkononi mwake. Maswali kumi na moja ameyajibu vizuri. Kwenye lile la woga amesimama. Naandika huku namtazama.
Ameuliza, polepole: "Nibonyeze jibu yangu ao yako?"
Swali gani hilo! Nimemwambia achague kwa hiari yake. Ndiyo faida ya simu — hakuna anayekulazimisha.
Bado hajabonyeza. Amejisogeza mbali nami. Na mimi hata sijamgusa!