Kombe Lisilowaka

Kwako Baba Mkubwa, kichwa cha ukoo wetu, kwako Mama, kwenu shangazi zangu, kisha kwenu ndugu zangu wote mlioketi: shikamooni mnaostahili, na salamu kwa waliosalia. Natumaini kifua cha Baba Mkubwa kimetulia na goti la Mama limekubali ngazi. Mimi ni mzima. Nimemwomba dada aisome barua hii polepole, asiruke neno hata mkimkoholea.

Mama, mfuko wa marehemu Baba, uliofungwa tangu siku ya msiba, umenifikia hapa makumbusho. Uliniagiza nivitambue visukuku vyake, nivipange kwa aina, tugawane kumbukumbu. Ni makombe ya konokono wa bahari, yenye umbo la pia, yaliyogeuka mawe kabla dunia haijaona mtu. Yote ni meupe kama mifupa. Ili kuyatofautisha, sisi hufunga mapazia na kuwasha taa ya zambarau. Hapo madoa yaliyofutika huwaka tena, na kila aina hujitaja kwa madoa yake.

Nikawasha. Yakawaka kama macho yanayofumbuka. Moja halikuwaka. Lilikaa jeusi katikati ya wenzake, nami nikahisi kwamba mle chumbani ni hilo tu linalonitazama. Nilipokwangua ukoko wa chokaa, rangi yake ilikuwa bado mbichi. Ndani mlikuwa na mnyama aliyekauka, na jino jembamba kama sindano, lenye tundu la kupitishia sumu.

Wazee wangu, hicho hakikuwa kisukuku: konokono huyo alikuwa hai Baba alipomfumbata akidhani ni jiwe. Mnakumbuka: alirudi toka ufukweni kuokota mawe yake, akanywa chai, akasema midomo imekufa ganzi, kope zikamshinda, kisha pumzi. Waliomwosha waliona nukta nyekundu kiganjani, tukasema ni mwiba. Tukamgeukia Mama Mdogo, mkewe wa pili, kwa kuwa chai ilitoka mkononi mwake, na asubuhi ile alikuwa amemtania kwamba hayo mawe yake ipo siku yatamtoa roho. Mzaha wa mke kwa mumewe tukaufanya ushahidi. Akatoka kwetu na furushi moja, watoto wakikatazwa kumuaga.

Kombe hilo dada analo mkobani. Lipitisheni mkono kwa mkono, ila msilifumbate.

Wabusuni watoto kwa niaba yangu. Na neno ninaloliweka mbele ya kikao ni hili: kabla hamjatawanyika, Baba Mkubwa na Mama mwende wenyewe kwa Mama Mdogo, mkamwombe radhi na kumrejesha nyumbani. Vinywa vilivyomfukuza ndivyo vimwite. Akifika, abandike chai. Kikombe cha kwanza nitakuja kukinywa mimi, mbele yenu nyote.

Ni mimi mwana wenu,
Mpanga-mawe